Maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu Northern Territory: Uluru, Kakadu, mamba na wenyeji wenyewe

Nimekaa Alice Springs miaka michache nikitunza wazee, sasa hivi niko Darwin, na kila watu wakikaribia likizo simu yangu inaanza: kaka nataka kuja huko, nianzie wapi, hao watu wa asili wakoje, ni kweli mamba wanaingia mpaka mjini? Nimechoka kujibu kwa voisi za dakika saba saba. Haya, yote haya hapa.

Kwani Northern Territory ni wapi?

Ni ile sehemu ya katikati juu kwenye ramani ya Australia. Sio jimbo kamili, ina serikali yake ya ndani tangu 1978 ila serikali kuu ya Australia kule Canberra bado ina sauti kubwa. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba milioni 1.35, Tanzania nzima inaingia na nafasi inabaki, alafu watu wote hawafiki laki tatu, yaani Temeke peke yake inawazidi mara kadhaa. Huku juu Darwin ni tropiki, mikoko, maembe, joto la Tanga lile la kulowesha shati. Ukishuka kusini nchi inakauka taratibu mpaka unafika jangwa jekundu. Darwin mpaka Alice Springs ni kilometa 1,500 hivi kwa barabara moja ile ile, mbali kuliko Dar na Mwanza, na katikati hapo vimji vya kuhesabu kwa vidole.

Kitu ambacho wageni wengi hawakijui: karibu mtu mmoja kati ya watatu hapa ni Mwaborijini, yaani mtu wa asili wa hapa, na karibu nusu ya ardhi ni mali yao kisheria, kupitia sheria ya haki za ardhi ya 1976. Kwa hiyo ukiona bango limeandikwa usiingie bila kibali, sio urembo lile. Umefika mlangoni kwa mtu, piga hodi.

Nije mwezi gani?

Mei mpaka Septemba, usijisumbue kutafuta mwingine. Kaskazini ni kiangazi na barabara zinapitika. Kuanzia Novemba mpaka Aprili ni masika ya kweli kweli, mito inafurika, sehemu nyingi za Kakadu, ile hifadhi kubwa ya kaskazini, zinafungwa, ila ukipenda radi na kijani utafurahi, na watalii hamna. Jangwani ni hesabu nyingine, Juni na Julai usiku baridi inashuka chini ya sifuri (wabongo huwa hawaniamini, wanakuja na kandambili), na Desemba mchana unagonga 40.

Wenyeji wa Kakadu wao wana misimu sita, sio miwili. Kuna Gunumeleng, ule wa joto la kukaba kabla mvua haijatulia, na kuna Banggerreng, pale mwezi wa nne upepo wa mwisho unapolaza majani marefu yote chini. Kalenda yao ni nzuri kuliko ya kwenye simu maana wanaisoma kwenye maua na wadudu. Mimi mwenyewe siku hizi nikiona kerengende wamejaa uani najua masika yameaga.

Nafikaje kutoka nyumbani?

Ndege ya moja kwa moja hamna. Wengi wanapita Doha au Dubai, alafu Singapore au miji mikubwa ya Australia, ndio waunganishe kuja Darwin, Alice Springs au ule uwanja mdogo wa pale Uluru, lile jiwe kubwa jekundu la jangwani. Viza omba mapema, paspoti zetu hazina ile njia ya mkato ya mtandaoni, na beba kadi ya homa ya manjano isije ikakuumbua.

Na ile fomu ya uwanja wa ndege jaza kwa ukweli. Mama mdogo alikuja na mbegu za mchicha kwenye kitambaa ndani ya pochi, alitaka nipande uani. Bahati nzuri alitia tiki kwamba ana mbegu. Wakazichukua wakamwambia asante karibu Australia. Angeficha ingekuwa faini, na faini zao sio za kuomba yaishe.

Uluru naweza kupanda?

Hapana. Kupanda kulifungwa tarehe 26 Oktoba 2019 na hakurudi. Hiyo tarehe haikuokotwa, 26 Oktoba 1985 ndio siku serikali iliwarudishia Anangu, wenyeji wa pale, hati ya ardhi yao, nao wakaikodisha serikali kwa miaka 99 iwe hifadhi wakiiendesha pamoja. Miaka yote walikuwa wameweka bango kuwaomba watu wasipande, ni mahali patakatifu na pia kuna watu zaidi ya 30 walikufa pale, na Anangu mgeni akifa kwao wanaumia kama wenye nyumba. Watu walikuwa wanasoma bango, wanapiga nalo picha, alafu wanapanda.

Na kusema kweli kupanda ni kulikosa lile jiwe. Lina urefu wa mita 348 kutoka chini, ukiwa juu unaona tambarare tu. Utamu uko chini. Kulizunguka kwa mguu ni kilometa kumi na kitu, anza kabla jua halijachomoza. Kwa mbali unadhani ni laini kama andazi, ukisogea unakuta limepasuka, lina mapango, mistari myeusi ya maji ya mvua, ngozi yake inabanduka magamba magamba kama kutu. Upande wa Mutitjulu kuna dimbwi la maji chini ya mwamba, baridi, kimya, na hapo ndipo utasikia habari ya Kuniya, chatu mwanamke aliyekuja kumlipizia kisasi mtoto wa ndugu yake aliyechomwa mikuki na Liru, wale watu nyoka wa sumu. Alimpiga Liru kwa fimbo ya kuchimbia mizizi, na alama za mapigo utaoneshwa pale pale ukutani. Mimi nimesikia mara tatu na kila mara naangalia zile alama tena.

Usiokote jiwe hata la kokoto. Ofisi ya hifadhi inapokea vifurushi kutoka duniani kote, watu wanarudisha mawe waliyoiba, na barua za kuomba msamaha ndani, wengine wanasema toka siku ile mambo yao hayajakaa sawa.

Kiingilio ni dola 38 za Australia kwa mtu mzima siku tatu, angalia kabla hujaja maana bei zinapanda. Na usirudi bila kufika Kata Tjuta, vile vichwa 36 vya mawe jirani. Kwangu mimi panaizidi Uluru, nimesema.

Hiyo Dreamtime wanayosema ni ndoto?

Sio ndoto, hilo jina la kizungu limepotosha watu vibaya sana. Anangu wanasema Tjukurpa, na ndani yake kuna sheria, kuna namna nchi ilivyoumbwa, kuna ramani ya wapi maji yalipo, kuna nani ni nani wako. Vyote kwa pamoja na havijapita, vinaendelea. Alafu sio kila kitu ni cha kila mtu. Kuna habari za wanaume, kuna za wanawake, kuna za waliopitishwa tu. Mtu aliyekulia pwani sioni kwa nini hili limshangaze, mambo ya unyago nani anayasema barazani? Kwa hiyo anayekutembeza akikwambia "hapo siwezi kuendelea", usimbane. Ameshakupa kile ambacho hata watoto wanapewa, na hicho ndicho fungu lako.

Hawa ni Waafrika wenzetu waliopotea?

Swali namba moja kwa Wabongo. Hapana. Weusi ndio, lakini wako hapa tangu zamani ambayo hata kichwa hakiibebi. Pale Madjedbebe, karibu na Kakadu, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta shoka za mawe na rangi ya udongo, na vipimo vilivyotoka 2017 vinasema kama miaka 65,000. Ukimwambia mzee wa hapa kwamba yeye katoka Afrika atakuangalia tu, kwake ametoka kwenye ardhi hii hii. Ila kirafiki utapokelewa, mimi naitwa "brother" sokoni na watu nisiowajua na wananiuliza kwetu ni wapi na kama tuna simba uani.

Na usiseme "Waaborijini" kama vile ni kabila moja. Uluru ni Anangu, Alice Springs ni Waarrernte (mji wenyewe wanauita Mparntwe), Kakadu ni Bininj na Mungguy, Katherine ni Wajawoyn, Arnhem Land mashariki ni Yolngu, visiwani ni Watiwi. Lugha mbali kabisa, kama Kimasai na Kimakonde. Uliza mtu ni wa wapi, anafurahi.

Nitawasalimiaje, kuna adabu gani?

Taratibu. Usimkodolee mtu macho, mkono ushike laini, na ukimya uvumilie, hapa mtu anaweza kukaa nusu dakika kabla ya kujibu na wala hajakasirika. Maswali ya papo kwa papo, "kwa nini, kwa nini, kwa nini", yanachosha na yanaonekana ya kipolisi. Nchi ya Uluru neno ni "palya", ni salamu, ni asante, ni sawa, ni kwaheri, yaani kama "poa" yetu. Alice ni "werte".

Undugu ndio kila kitu. Kila mtu ana nafasi yake kwenye mpango wa ukoo, na nafasi hiyo inaamua nani wa kutaniana naye, nani wa kumuoa, nani wa kumkwepa. Wiki yangu ya kwanza kazini niliwapanga wazee mezani kwa chakula cha mchana, nikamweka babu mmoja akiangaliana na bibi mmoja. Babu akageuza kiti akautazama ukuta. Chakula hakugusa. Nikadhani anaumwa, nikaleta kipima joto, nikaleta maji, nikamgeuza kwa upole, akarudi ukutani. Mwenzangu mwenyeji akaja akaninong'oneza, "yule ni mama mkwe wake." Sio hata aliyemzalia mke, ni mkwe kwa nafasi ya ukoo, na wawili hao hawatazamani, hawasemezani, hawakai chumba kimoja. Nikaona aibu, maana kwa bibi yangu Tabora mkwe alikuwa anapishwa njia, unaingia porini apite. Mimi wa kwanza ningepaswa kujua.

Picha na video je?

Omba. Ya mtu, ya mtoto, ya sherehe, omba, na ukinyimwa shukuru. Pale Uluru kuna sehemu zimewekewa alama hairuhusiwi kupiga picha kabisa.

Kuhusu msiba. Mtu akifariki, sehemu nyingi jina lake halitajwi tena kwa muda, na picha yake haioneshwi. Hata walio hai wenye jina kama lake wanaitwa kwa jina la kuazima, Alice na kaskazini yake utasikia Kumanjayi. Ndio maana televisheni za huku zinatoa onyo kabla ya kipindi kwamba kuna sura za marehemu. Kukiwa na matanga kijiji kinaweza kufungwa kwa wageni hata kama ulishalipa safari. Usianze kudai hela yako kwa hasira pale getini, nimemuona mtu akifanya hivyo, nilitamani ardhi inimeze.

Kakadu kuna nini cha kuona?

Hifadhi ya karibu kilometa za mraba 20,000, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Ukiwa na siku mbili tu: Ubirr jioni, Burrungkuy (nayo ni miamba ya michoro) asubuhi, boti ya kwenye bwawa la Yellow Water alfajiri.

Ubirr ni miamba yenye michoro, mingine ya miaka maelfu kwa maelfu. Kuna ukuta wa samaki waliochorwa kama wamepigwa eksirei, unaona uti wa mgongo, mifupa, matumbo, kila kitu mahali pake, mchoraji alikuwa amempasua huyo samaki mara nyingi maishani. Wengi ni barramundi. Sasa watu wa Mwanza sikilizeni, barramundi na sangara ni ndugu wa jenasi moja, Lates, na ukimuona sokoni Darwin utasema huyu namjua. Juu kidogo kwenye mwamba kuna mnyama mwenye milia mgongoni, thylacine, ambaye huku bara alitoweka miaka kama elfu mbili au zaidi iliyopita. Mchoro bado upo. Alafu unapanda juu ya jabali jua likizama unaona mbuga ya majani imetandaa mpaka Arnhem Land, na hakuna anayeongea, hata wale vijana wa selfi.

Na mamba?

Wapo, wa maji chumvi, na licha ya jina wanakaa hata mto wa maji baridi kilometa nyingi ndani. Waliwindwa mpaka karibu kuisha, tangu 1971 wanalindwa, na wameitikia vizuri mno. Sheria ni moja: kama hakuna bango linalosema hapa ni salama kuogelea, hapa sio salama. Usioshe sufuria mtoni, usisimame ukingoni sehemu ile ile kila siku maana anakusoma. Kivuko cha Cahills Crossing maji yakipanda utawaona wamejipanga kusubiri samaki, kaa jukwaani uangalie, usiingize mguu. Hamu ya kuogelea ipeleke hifadhi ya Litchfield, zile maporomoko za Florence na Wangi, zikiwa zimefunguliwa. Huko huko utaona vichuguu vya ajabu, vyembamba kama mawe ya makaburi, vyote vimelala kaskazini kusini ili jua la mchana lisivipige ubavuni. Mchwa hao wana dira.

Baharini Darwin? Oktoba mpaka Mei kuna kiwavi bahari, yule wa kama jeli mwenye mikia inayowasha, wa kuua mtu. Tumia bwawa la kuogelea.

Arnhem Land naingia tu?

Huingii tu. Ni ardhi ya Waaborijini yote, kibali kinatolewa na Northern Land Council, baraza la ardhi la wenyeji, omba wiki kadhaa kabla, au nenda na safari iliyokwishapangwa. Njia nzuri ni tamasha la Garma, mwezi wa nane pale Gulkula, Yolngu wenyewe ndio wenyeji. Yidaki, lile zumari refu ambalo dunia inaliita didgeridoo, ni la kwao.

Na hapa Waswahili tuna kastori ketu. Kwa karne kadhaa mpaka 1907 mabaharia wa Makassar, Indonesia, walikuwa wanakuja na pepo za msimu kuvua jongoo bahari pwani hii, wanawachemsha, wanawakausha, wanapeleka soko la China. Msimu ukigeuka wanarudi. Je, haya sio yale yale ya kaskazi na kusi? Waliacha miti ya ukwaju na maneno kibao. Pesa kwa Kiyolngu ni rrupiya. Nilivyosikia mama mmoja anamwambia mwanae kitu kuhusu "rrupiya" nikageuka kama nimeitwa jina.

Kubwa zaidi: 1944 askari mmoja wa rada aliyekuwa kisiwa cha Marchinbar, visiwa vya Wessel huko huko Arnhem Land, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne za Waholanzi, tano za shaba za Kilwa. Kilwa hii hii ya Lindi. Zilifikaje? Kuna wanaosema Wareno, kuna wanaosema merikebu ya Kiholanzi iliyobeba vitu vya zamani, kuna wanaosema Wamakassar. Usije ukaandika kwamba Waswahili waligundua Australia, hizo sarafu hazisemi hivyo. Ila shaba ya Kilwa ilifika, na hilo mimi linanitosha kuringa nalo kazini.

Ni kweli kuna mibuyu?

Kweli. Nenda Timber Creek, magharibi ya Katherine. Mifupi kidogo, tumbo kubwa, ndugu wa wa kwetu. Kumba mti, piga picha, mtumie mama.

Nataka kununua ule uchoraji wa nukta nukta, nisipigwe vipi?

Uchoraji huo kwenye turubai ulianza Papunya, magharibi ya Alice, 1971, wazee walipochora ukutani shuleni na baada ya hapo kwenye mbao. Michoro yenyewe ni ya zamani sana, ya mchangani na mwilini, na inasemekana nukta zilizidi kuongezwa kufunika yale ambayo mgeni hatakiwi kuyaona. Kwa hiyo unanunua kitu kizuri kilichojifunika kanga.

Kwenye maduka ya zawadi kuna feki nyingi, bumerangi na yidaki za mianzi zilizotengenezwa Asia. Nunua kwenye vituo vya sanaa ambavyo ni vya wachoraji wenyewe, uliza nani kachora, ni wa wapi, na cheti kiko wapi. Muuzaji akianza kujiumauma, ondoka. Na bei usivutane kama Kariakoo, tafadhali.

Kuendesha gari mwenyewe inawezekana?

Inawezekana, upande ni kushoto kama nyumbani. Jaza tenki kila sheli unayoiona, beba maji mengi kuliko unavyodhani, usiendeshe jioni na usiku maana kangaruu na ng'ombe wanalala barabarani. Kuna malori yenye trela tatu nne, urefu mita 53, ukitaka kulipita hakikisha unaona mbele mpaka kesho. Gari ikifa usiliache ukatembea, kaa nalo. Alice mpaka Uluru ni kilometa 450 hivi, watu wanadhani ni jirani.

Usalama? Nimeona video za Alice Springs.

Video ni za kweli na hazitoshi. Kuna ulevi, kuna vijana usiku wa manane, funga gari, usitembee peke yako usiku. Lakini hawa ni watu ambao mpaka miaka ya 1960 watoto wao walikuwa wanachukuliwa kwa nguvu na serikali, na waziri mkuu alikuja kuomba msamaha bungeni Februari 2008. Wazee niliowaosha na kuwalisha walikuwa baadhi yao ndio hao watoto. Mmoja hakujua siku yake ya kuzaliwa mpaka anakufa. Kwa hiyo ukinitumia ile video na emoji ya kucheka, sijibu.

Jumuiya nyingi za ndani pombe ni marufuku, hata kopo moja kwenye buti. Mabango yapo njiani.

Chakula halali na msikiti?

Darwin upo, Alice Springs upo. Huko Alice Waislamu wana historia, waendesha ngamia walioletwa karne ya 19 kutoka Afghanistan na India ndio walibeba mizigo ya jangwa hili kabla ya reli, na treni ya Adelaide mpaka Darwin bado inaitwa The Ghan kwa ajili yao. Ngamia waliachiwa, wamezaana porini, siku ukiwakuta barabarani utasahau uko nchi gani.

Siku ngapi na hela kiasi gani?

Siku kumi, nusu kaskazini nusu jangwani, chini ya hapo utaona vioo vya ndege tu. Ni ghali, hasa hoteli za pale Uluru, mimi hulala kwenye hema na sijawahi kujuta isipokuwa ile Julai moja.

Nikuletee nini?

Majani ya chai, kanga doti mbili, na kahawa ya Bukoba iliyokaangwa. Mbegu za mchicha niachie.